Vitufe Kumi vya Mzee Selestini

Wanangu mnaopita hapa kwangu Mutanga Sud na kompyuta zenu mgongoni, kaeni kidogo. Najua memwari zenu, zile kazi za kumaliza chuo, zinasubiriwa na maprofesa, najua kila mmoja ana haraka. Lakini mimi nimestaafu, haraka sina tena, na leo nataka kuwaeleza jambo ambalo nimelibeba muda mrefu.

Mwezi uliopita alikuja msichana mmoja wa chuo, uso umemvimba kwa kulia. Alikuwa ameazima kompyuta ya binamu yake aliyerudi kutoka Kampala. Aliandika ukurasa, akakosea, akataka kurudisha alichofuta. Kila mtu anajua, ni Ctrl na Z. Akabonyeza. Ukurasa wote ukatoweka.

"Mama Zena," akaniambia, "mi niligusa Z. Naapa niligusa Z."

Nikavaa miwani, nikatazama klavie, ule ubao wa vitufe. Herufi za juu kushoto zilikuwa Q na W, siyo A na Z kama zetu tulizozoea kwa Kifaransa.

"Mutoto wangu, vidole vyako vimekwenda kwenye nyumba ya Z, lakini kwa Waingereza nyumba ile anakaa W. Na Ctrl na W ni kufunga. Ilikuuliza kitu kabla ya kufunga?"

"Iliuliza kama nihifadhi. Nikasema oui, ndiyo."

Basi kazi ilikuwa salama, tukaifungua tena. Akacheka, nami nikacheka. Alipoondoka sikurudi jikoni mara moja. Nilikaa na kumkumbuka mtu ambaye kosa la namna hiyo hiyo lilimkuta, na yeye hakuwa na bahati ya kujibu oui.

Nilianza kazi bandarini. Ilikuwa ofisi ya watu wanaotoa mizigo forodhani, na kazi yetu sisi waandishi ilikuwa makaratasi ya boti: orodha za mizigo inayokwenda Kigoma, barua za kwenda Kalemie, vibali, na barua za kuomba radhi kwa sababu vibali vimechelewa. Niliajiriwa kwenye mashini ya kuandikia, zile za chuma. Zilipokuja kompyuta za kwanza, mwili wangu ulichelewa kupata habari. Siku ya kwanza, nilipofika mwisho wa mstari, mkono wa kushoto uliinuka wenyewe kusukuma mashini irudi mwanzo wa mstari. Hapakuwa na kitu cha kusukuma. Mkono ukapita hewani na kuangusha chai ya shefu, mkubwa wetu wa ofisi, juu ya vibali vitatu vilivyokwisha pigwa muhuri. Msiwacheke wazee mnapowaona wanahangaika na simu zenu. Mkono una kumbukumbu yake, na huwezi kuutumia barua kuuambia mambo yamebadilika.

Aliyenifundisha kompyuta ni Mzee Selestini, sekreteri mkuu. Alikaa Kinama na alikuja kwa miguu karibu kila siku, shati limepigwa pasi, tai ya rangi ya kahawia iliyochoka lakini safi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukikohoa mara mbili angekuuliza kama umekunywa dawa. Ukikosea angeondoa mkono wako kwenye klavie taratibu, kama mtu anayeondoa mkono wa mtoto kwenye chungu cha moto, na kuuweka tena mahali pake.

Klavie za wakati ule, wanangu, hamjaziona. Vitufe vya F havikuwa juu kama vyenu. Vilikuwa upande wa kushoto, vimesimama viwili viwili, safu mbili za vitano vitano, na jumla yake kumi. F11 na F12 hazikuwepo kabisa. Programu yetu ilikuwa na ekrani ya bluu na maandishi meupe, wala hapakuwa na kipanya cha kusogeza. Kila kitu kilipita kwenye vile vitufe kumi. F6 ilinenepesha herufi. F8 ilipiga mstari chini. Shift na F7 ilichapisha. Ukitaka kushika aya nzima, unabonyeza Alt na F4, halafu mshale, halafu Entrée, mnayoiita Enter, na aya yote imeshikwa, unaifanya unavyotaka. Watu wengine walikuwa na karatasi ngumu ya rangi iliyozunguka vitufe na kueleza kila kimoja. Ya kwetu Mzee aliifungia kwenye droo.

"Ukisoma pale, hutajua kamwe," alisema.

Akaniambia nifunge macho kwa mtandio wangu na kuandika hivyo hivyo. Alinionyesha vile vinundu vidogo kwenye herufi F na J, ambavyo hata nyinyi mnavyo na wengi hamjawahi kuviuliza. Ni vya vidole vya shahada. Ukivipata hivyo viwili, klavie yote umeipata. Wafanyakazi wenzangu walipita na kunicheka, mwanamke mzima kajifunga kitambaa usoni kama anayecheza kombolela. Mzee hakucheka. Baada ya miezi miwili nilikuwa naandika bila kutazama, na hadi leo sitazami.

Jambo jingine, alipenda nimsomee. Kila barua, kila rasimu ya shefu, "Nisomee, Zena, Kifaransa chako kinahitaji mazoezi." Ni kweli kilihitaji. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, nyumbani ni Kiswahili na madrasa, na Kifaransa changu kilikuwa cha shule ya msingi. Nilisoma kwa sauti, yeye aliandika. Niliamini ananisaidia.

Siku moja nilijiunguza na mafuta ya sambusa. Nikaja kazini mkono wa kulia umefungwa bandeji nyeupe mpaka kwenye kifundo. Kila mtu aliuliza, kuanzia mlinzi wa getini hadi wapagazi wa gatini. Mzee Selestini, mtu wa kuuliza hata kikohozi, hakuuliza. Siku ya pili hakuuliza. Nilianza kufikiri nimemkosea. Siku ya tatu nilimpelekea chai, na alipopokea kikombe vidole vyake viligusa bandeji. Akasimamisha mkono.

"Hii ni nini?"

"Bandeji, Mzee. Niliungua. Leo ni siku ya tatu."

Akaweka kikombe mezani, na kabla ya kukiachia alipapasa meza kwanza. Nilikuwa nimemwona akipapasa hivyo mara nyingi bila kujua ninachokiona.

"Basi umejua," akasema.

Aliniambia pole pole, akitazama dirishani kama anayezungumza juu ya mvua. Munganga wa hospitali alisema ni presha ndani ya macho. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lilipungua kila mwezi. Njia ya Kinama aliijua kwa miguu. Ofisi aliijua kwa mikono. Kustaafu kulikuwa kumebaki karibu miaka miwili. Nyumbani alikuwa na mke, na binti aliyekuwa anasomea uuguzi.

"Mi sijaomba kitu, Zena. Naomba tu usimwambie mutu."

"Sitamwambia mutu, Mzee."

Ndipo nilipoelewa ule mtandio. Alikuwa ananifundisha kuandika bila macho kwa sababu na yeye alikuwa anajifunza, na hakutaka kujifunza peke yake.

Baadaye zikaja kompyuta mpya. Shefu wetu hakuwa mtu mbaya, lakini alipenda vitu vipya, na siku ile alitembea kati ya meza kama bwana harusi. Za zamani zilipelekwa stoo. Programu mpya ilikuwa ile ya madirisha, na kipanya, na picha ndogo ndogo za kubonyeza, ambazo kwa Mzee zilikuwa kitu kisichokuwepo. Alikaa, akaweka vidole kwenye F na J, akapata. Halafu akapeleka mkono wa kushoto pembeni. Ukashuka kwenye mbao ya meza. Akaupeleka tena.

"Wameviondoa?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Viko juu, Mzee. Wamevipanga mstari mmoja. Na sasa ni kumi na viwili."

"Kumi na viwili," akarudia. Akapandisha mkono na kuvihesabu kwa ncha za vidole, kimoja kimoja, kama anayehesabu tasbihi isiyo ya dini yake.

Wiki mbili tulijikaza. Nilisoma, aliandika, nilimnong'oneza pa kubonyeza. Kisha ikaja asubuhi ya boti moja ya Kigoma. Mizigo ilikuwa imekwisha pakiwa, nahodha alikuwa anasubiri orodha tu. Tulianza mapema. Mzee aliandika kurasa nne nzuri, nami nikatoka kwenda forodhani kufuata namba moja iliyokuwa imekosekana. Nilimwambia, "Mzee, nikirudi tutahifadhi." Hilo lilikuwa kosa langu, na nalitaja la kwanza. Usimwachie mtu kazi ambayo haijahifadhiwa. Ctrl na S haichukui hata pumzi moja.

Nilipokuwa nje, Mzee alitaka kunenepesha aya ya onyo, ile ya mizigo inayovunjika. Vidole vyake vilifanya vilichokuwa vimefanya miaka yote: Alt na F4, mshale wa kulia, Entrée. Kwenye programu ya zamani, aya imeshikwa. Kwenye madirisha, Alt na F4 maana yake funga kila kitu. Programu ikauliza kama ihifadhi, na mbele yake ikaweka oui, non, na kughairi. Mshale wa kulia ukatoka kwenye oui, ukasimama kwenye non. Entrée ikajibu.

Nilirudi na ile namba mkononi. Shefu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mzee. Ekranini hapakuwa na barua wala orodha. Palikuwa na rangi ya kijani tu na picha ndogo za pembeni. Na Mzee Selestini alikuwa bado anaandika. Mgongo umenyooka, tai imekaa sawa, vidole vinakimbia vizuri kama kawaida, anaandika pasipo na ukurasa.

"Selestini," shefu akasema, taratibu kabisa, "unaandika wapi?"

Vidole vikasimama. Hakugeuka. Nadhani alikuwa amejua tangu shefu alipotaja jina lake bila kutanguliza Mzee.

Niliandika orodha upya, boti ikaondoka alasiri. Lakini kabla ya hapo shefu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Selestini haoni. We ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na watoto wawili na kazi niliyoipenda. Nikatazama viatu vyangu.

"Apana, shefu."

Nawaambia hili kwa sababu mkinisikia nikisimuliwa na watu wa bandarini watawaambia nilikuwa mwema. Siku ile sikuwa mwema. Mzee alipewa mapumziko mpaka wiki ifuatayo, na shefu alisema wazi kwamba atatafuta mtu mwingine. Mzee akachukua koti lake, akahesabu hatua zake mpaka mlangoni, akaniaga kwa jina. Hakuniuliza nilijibu nini.

Usingizi ulinikataa. Kesho yake, saa ya chakula, nilikwenda stoo. Klavie zetu za zamani zilikuwa zimelala kwenye maboksi, zimejaa vumbi na mabaki ya mikate ya miaka. Nilichukua ya Mzee, niliijua kwa sababu F6 yake ilikuwa imefutika kabisa. Mkitaka kusafisha klavie, igeuzeni kichwa chini, igongeni mgongoni kama mtoto aliyekunywa maziwa, halafu brashi ndogo ya meno, kavu. Msimwage maji. Nimeona watu wenye shahada wakimwaga maji.

Tatizo lilikuwa kichwa cha waya. Cha zamani kilikuwa kinene, cha mviringo, na tundu la kompyuta mpya lilikuwa dogo. Nikaenda Buyenzi kwa Bwana Nasoro, aliyekuwa na duka la redio na nyaya. Babu zake walitoka Omani, lakini yeye Kirundi chake kilinishinda mimi. Alichukua ule waya, akaugeuza geuza, akapanda kwenye ngazi, akafungua mikebe minne ya biskuti, na katika wa nne akatoa kipande kimoja kidogo, upande mmoja tundu kubwa, upande wa pili kichwa kidogo.

"Hiki kilikuwa kinasubiri mutu," akasema. "Mbona unataka kurudisha kitu cha zamani kwenye kitu kipya?"

Nikamweleza, bila kutaja jina. Akafunga kile kipande kwenye karatasi.

"Nenda nacho. Ikikubali, pita uniambie. Nitafurahi kujua."

Ikakubali. Klavie ya zamani ikaamsha taa zake kwenye kompyuta mpya, na mimi peke yangu ofisini nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Lakini vitufe vilikuwa kumi, na programu ilitaka kumi na viwili. F12 ndiyo ilikuwa ya kuhifadhi hati kwa jina jipya, na sisi kila boti ilihitaji jina lake. Nikachukua kitabu cha maelezo, kile kinene ambacho shefu alikitumia kuzuia mlango usijifunge kwa upepo wa ziwani. Nilikisoma siku tatu, kwa Kifaransa ambacho Mzee mwenyewe alinipa. Na huko nyuma, kwa herufi ndogo, nikakuta mistari miwili: mwenye klavie isiyo na F11 abonyeze Alt na F1, mwenye klavie isiyo na F12 abonyeze Alt na F2. Niliisoma mara nyingi. Kuna mtu, sijui nchi gani, aliyekaa akatengeneza programu mpya na akawafikiria wale waliobaki na vitufe kumi. Sikumjua na sitamjua, lakini siku ile nilimwombea.

Ikabaki Alt na F4. Programu ile, kwenye orodha ya vifaa, ilikuwa na mahali pa kubadilisha maana ya vitufe, na mahali hapo pako hata leo katika kompyuta zenu. Unachagua amri, unabonyeza vitufe unavyotaka, unakubali. Nilitafuta amri ya kushika maandishi, nikaipa Alt na F4. Nikarudisha F6 kwenye kunenepesha, F8 kwenye mstari wa chini, Shift na F7 kwenye kuchapisha. Mara ya kwanza nilikosea, nikaipa F6 amri ya kuchapisha. Shefu alipita, akajaribu kunenepesha kichwa cha barua yake kwa F6 ya zamani kwenye kompyuta ile, na printa ikaanza kutoa kurasa. Alibonyeza tena na tena ili iache. Ilitoa kurasa kumi na moja. Nilisema ni virusi, Mungu anisamehe.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala, niligonga mlango wa shefu.

"Shefu, uliniuliza kama nilijua kuhusu Mzee. Nikasema apana. Nilijua. Nilijua tangu zamani."

Akaweka kalamu chini.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu nataka kuomba kitu, na siwezi kuomba juu ya uongo. Mupe asubuhi moja. Jumatatu kuna boti. Akishindwa, tufukuze wote wawili."

Akaichukua tena kalamu. Nje wapagazi walikuwa wakiitana.

"Asubuhi moja," akasema. "Na siyo mimi niliyesema habari ya kufukuza. Ni we."

Jumapili nikapanda basi dogo mpaka Kinama. Nilimkuta Mzee uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mkewe anachambua maharagwe. Nilimweleza yote, pamoja na uongo wangu. Hakukasirikia uongo. Alikasirikia Jumatatu.

"Hukuniuliza, Zena."

"Ndiyo, Mzee. Sikukuuliza."

"Unataka nikae pale, shefu asimame nyuma yangu tena? Mara moja haikutosha?"

Mkewe aliendelea kuchambua maharagwe. Nilikaa tu, nikafikiri nitamaliza soda waliyonipa niondoke. Kisha Mzee akauliza, kana kwamba anauliza habari za mtu wa mbali:

"Hiyo Alt F4, sasa inafanya nini?"

"Inashika maandishi, Mzee. Kama zamani."

"Na Entrée?"

"Inafika mwisho wa aya."

"Na vitufe viko wapi?"

"Viko kushoto. Ni klavie yako, ile ya F6 iliyofutika."

Akageuza uso kunielekea, na mkono wake wa kushoto, pale juu ya goti, ukasogea kidogo pembeni, ukabonyeza hewa mara mbili.

"Muke wangu," akasema, "tai yangu iko wapi?"

Jumatatu alifika kabla yangu. Akapapasa klavie, akapitisha kidole kwenye zile safu mbili, akapumua. Shefu alikuja, akavuta kiti na kukaa kando yake, hakusimama nyuma, hilo sijalisahau. Nikasoma. Mzee akaandika. Boti ilikuwa na mizigo mingi, sabuni, mabati, chupa, magunia ya mchele, majina ya wenye mali kurasa tano nzima. Alinenepesha aya ya onyo. Alibonyeza Alt na F2 akaipa orodha jina la boti. Alichapisha. Shefu akachukua kurasa na kuzisoma, kisha akazisoma tena akiwa ameweka rasimu kando.

"Kuna kosa moja," akasema. "Hapa magunia ni sitini. Yameandikwa sabini. Kosa hili ni la nani?"

Nililijua kosa lile. *Soixante* ni sitini, *soixante-dix* ni sabini; nilisoma kwa haraka nikachanganya.

"Ni la macho, shefu," Mzee akajibu. "Vidole havina kosa."

Nilitaka kuingia chini ya meza. Shefu akatazama karatasi, kisha mimi, na kona ya mdomo wake ikacheza. Mzee akaondoa mikono kwenye klavie, akaiweka mapajani.

"Shefu, acha niseme mwenyewe. Mi sioni. Mwaka huu bado naona mwanga wa dirisha. Mwaka kesho sijui. Nilikuficha, na kukuficha kulikuwa vibaya. Lakini kazi hii naiweza, mutu akinisomea."

Shefu alisimama, akakunja zile kurasa.

"Zena atasoma. We utaandika. Mpaka siku yako ya kustaafu ifike." Alipofika mlangoni akaongeza, "Na Zena ajifunze kuhesabu kwa Kifaransa."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, miezi kumi na tisa, viti viwili kwenye meza moja. Mwanga wa dirisha uliondoka kabla ya mwaka kwisha, na hakuna boti iliyochelewa kwa sababu yake. Nilipita dukani kwa Bwana Nasoro nikamwambia kile kipande kimekubali. Akatikisa kichwa, akaniandalia kahawa.

Kompyuta zenu za leo, wanangu, zimevificha vitufe hivyo upya. Mnabonyeza F4 mnasikia sauti ya muziki inapotea, mnakuja kwangu mkisema imeharibika. Haijaharibika. Tafuteni kitufe kidogo cha Fn chini kushoto, kishikeni pamoja nacho, na F4 ya kweli itatoka ilikojificha. Na mkikutana na mtu anayefanya kazi kwa namna ya zamani, msimwambie kwanza kwamba ya zamani imekwisha. Muulizeni vidole vyake vimezoea kwenda wapi. Pengine mashini ndiyo inayoweza kusogea.

Miaka michache baada ya Mzee kustaafu, ofisi yetu ilifungwa na kila mtu akatafuta njia yake. Hapa karibu na chuo palikuwa na sekretariati moja ya kuandikia watu memwari, wakanitaka, lakini walitaka barua ya mtu aliyenisimamia. Shefu alikuwa amekwisha hamia nje ya nchi. Nikabeba mashini yangu ya chuma, nikaenda Kinama.

Mzee alinipokea vizuri. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, mkono wake ulikuwa hauwezi tena kuandika zaidi ya sahihi. Binti yake, ambaye sasa alikuwa muuguzi kamili, alitutolea meza uani. Mzee akakohoa, akanyoosha mgongo, akaanza kunitamkia barua kwa Kifaransa cha ofisini, kile cha heshima, na mimi nikaandika. Kwamba Bibi Zena alifanya kazi naye. Kwamba hachelewi. Kwamba anaandika kwa kasi bila kutazama. Nikafika vizuri mpaka hapo.

Kisha akasema: "Kwa miezi kumi na tisa bibi huyu aliniazima macho yake, na hakuna siku hata moja aliyonifanya nijione mzigo."

Mikono yangu ilibaki juu ya mashini. Nikaandika tu kwamba ni mfanyakazi mwaminifu, nikavuta mstari mpya.

"Zena," akasema. "Umeruka."

"Apana, Mzee."

"Ile ilikuwa sentensi ndefu. Mi nimesikia fupi."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Nikarudisha mashini nyuma. Karatasi ilikuwa imeanza kulowa pembeni, nikaipangusa kwa mtandio.

"Barua ya kazi haiandikwi hivyo, Mzee. Watacheka."

"Wacheke. Mi ndiye ninayeweka sahihi. Andika."

Nikaiandika, herufi kwa herufi, na yeye ameinamisha kichwa kuelekea mashini, anasubiri kila moja, mpaka nikafika kwenye nukta.